Mjomba, Watu Wanaingilia Wapi?

Behewa langu la kwanza lilijazwa mahindi.

Nilikuwa nimelihangaikia miezi minne. Jioni nikitoka kazini nakaa chumbani kwangu Kireka, nachora kwenye kompyuta, nafuta, nachora tena mpaka umeme ukatike. Jumamosi nashuka soko la Owino kuchambua vipande vya LEGO kwenye mafungu ya mivumba, yaani mitumba. Lilipokamilika nikalitia ndani ya boksi la viatu, nikalipakata kwenye taksi hadi Tororo, na kila abiria aliyepanda nikamwomba asiliegemee. Nyumbani kwa dada yangu nikatandika mkeka, nikaunga reli, nikaliweka behewa mbele ya mpwa wangu wa miaka sita.

Alilizunguka. Akalala kifudifudi kulitazama kwa chini, akalisukuma mara mbili. Kisha akainuka bila neno, akaenda jikoni, akarudi na kikombe cha mahindi makavu, akang'oa paa na kumimina.

"Inapeleka Kampala," akanieleza.

Nikamwuliza abiria watakaa wapi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa ng'ombe wanalalia godoro gani.

Na kweli, angejuaje? Nyumba ya dada yangu iko karibu na reli kiasi cha kusikia honi usiku, na tangu azaliwe kinachopita pale ni makontena na matangi. Treni za abiria za masafa marefu Uganda zilikoma mwaka 1997. Mama yake mwenyewe alikuwa bado anabebwa mgongoni. Kwa mtoto huyu, treni ni lori refu linalotembea juu ya chuma. Mimi nilimletea mabenchi, meza ya kukunja, hata kijitaa cha darini, yeye akaona ghala zuri lenye madirisha.

Usiku ule nililala nikiwaza mahindi.

Kazi yangu ya mchana ni kuchora ramani za nyumba za watu. Kuchora treni nilikurithi kwa njia ya mzunguko: Babu yangu alikuwa gadi wa reli, tangu enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 na Uganda ikabaki na shirika lake. Ndiyo sababu kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani wakati majirani wakizungumza Kijapadhola na Kiteso. Pale kwenye nyumba za reli Mluo alikaa ukuta mmoja na Mganda, Mkamba akaazima chumvi kwa Mnubi, na filimbi ikilia wote walihitaji neno moja. Waganda wenyewe huita treni *eggaali y'omukka*, yaani gari la moshi, na ukisikiliza vizuri utagundua hilo *eggaali* ni gari letu lililovalishwa kanzu ya Kiganda. Siku hizi *eggaali* peke yake ni baiskeli. Sijui baiskeli ilinyang'anyaje jina hilo, lakini hadi leo naona treni ilionewa.

Sasa nieleze ugonjwa wenyewe. Vitofali ninavyotumia ni vile vya LEGO, vya Billund kule Denmark. Kitofali cha namna hii kilipewa hataza mwaka 1958, na uzuri wake kwa maskini kama mimi ni kwamba kipande cha miaka ile bado kinaumana na cha leo. Fungu la Owino huja na mchanganyiko wa vizazi vitatu, wenye alama za meno ya watoto wa Ulaya, na vyote vinashikana. Juu ya kitofali kuna vifundo, vile vinundu vya mviringo vinavyoshika kipande cha juu yake: kutoka katikati ya kifundo hadi katikati ya kifundo kingine ni milimita 8. Kitofali kina kimo cha milimita 9.6. Kibapa, yaani kipande chembamba bapa, kina 3.2, kwa hiyo vibapa vitatu vikipandana ni kitofali kimoja. Na hapa ndipo mchora ramani anapochanganyikiwa kwa furaha: vibapa vitano ni milimita 16, na vifundo viwili ni milimita 16. Maana yake unaweza kulaza ukuta ubavu, ukaupachika upande, na bado kila kitu kikaingia mahali pake bila mwanya. Nilipolielewa hilo sikulala siku mbili.

Treni za LEGO zilianza kuuzwa mwaka 1966, na upana wa reli yake haujabadilika: kati ya chuma na chuma, au tuseme plastiki na plastiki, ni milimita 37 na nusu hivi. Upana huo ndio ulionitesa.

Reli yetu ni ya mita moja. Ndivyo ilivyoanza Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901, ikiitwa Reli ya Uganda ingawa kwa mipaka ya leo yote ilikuwa Kenya. Kampala iliipata reli ya moja kwa moja kutoka pwani mwaka 1931, baada ya daraja la Jinja kuvuka Nile. Mita moja kote. Ukitaka reli ya kuchezea iwe sahihi kwa Uganda, basi kila kitu kipunguzwe mara 27. Behewa lenye upana wa karibu mita tatu linakuwa vifundo 14. Behewa la urefu wa mita 18 linakuwa sentimita 67. Na duara la reli ya kuchezea, lile la vipande 16 vya kona ambalo ndilo kila mtoto analo, kipenyo chake ni sentimita 64. Yaani behewa moja refu kuliko duara zima. Halitakwenda popote. Litakaa pale kama mtumbwi juu ya sahani.

Kwa hiyo wabunifu karibu wote hudanganya. Wanachagua mwili wa vifundo 6 au 8 kwa upana, na reli inaachwa ijitetee. Mimi nilichagua 8. Kwa upana huo behewa linakuwa limepunguzwa mara 45, na ukizidisha ile milimita 37 na nusu kwa 45 unapata reli ya karibu mita 1.69, pana kuliko hata ile reli pana ya India. Treni yetu halisi ina mwili mnene juu ya njia nyembamba. Ukisimama Nakawa ikipita unaona jinsi inavyotikisa makalio. Kwa vitofali inageuka kuwa mtu aliyetanua miguu.

Miezi miwili katika ile minne niliimaliza hapo tu. Siwezi kubana magurudumu, maana ekseli ni ya kiwandani na reli ni ya kiwandani. Nilichoweza ni kudanganya jicho. Bogi, yaani vile vigari vya magurudumu chini ya behewa, nikazivisha rangi nyeusi tupu na kuziingiza ndani kadiri ilivyowezekana, mbavu za behewa nikazishusha kibapa kimoja chini zaidi ya inavyopaswa, na kivuli kikafanya kazi iliyobaki. Ukiketi kwenye mkeka unaona tumbo linaning'inia nje ya njia. Ukilala kifudifudi unaona ulaghai wote. Na ni yupi anayelala kifudifudi? Mtoto. Hakusema kitu kuhusu upana wa reli. Hata siku moja hajasema.

Kuhusu urefu ilibidi niwe mchinjaji. Behewa la mita 18 kwa kipimo changu ni vifundo 50. Kuna hesabu rahisi ya kujua litafanya nini kwenye kona: chukua umbali kati ya bogi mbili, uzidishe kwa wenyewe, ugawanye kwa mara nane ya nusu kipenyo cha kona. Hilo behewa refu, bogi zikikaa mahali pake pa kweli, lingeingiza tumbo ndani ya kona milimita 30 hivi na kutoa pembe zake nje kwa kiasi hicho hicho. Lingefagia jukwaa, ishara, miti, na mguu wa mtoto aliyekaa katikati. Nililipunguza hadi vifundo 32, bogi zikiwa mbali kwa vifundo 20. Tumbo likaingia milimita 10. Pembe zikatoka 15. Hiyo mtu anaweza kuishi nayo.

Lakini unapokata zaidi ya theluthi ya behewa, unakata nini? Mara ya kwanza nilifikiri kama mchora ramani: nikapunguza kila kitu sawasawa. Madirisha yakawa membamba, milango ikawa membamba, mabenchi yakasogeana. Likatoka behewa la kweli lililonyong'onyea, kama shati la pamba lililofuliwa kwa maji ya moto. Mlango nilioubakisha ulikuwa wa kifundo kimoja na haukufunguka. Niliuchora tu kwa vipande vya rangi nyingine. Kutoka mbali ulipendeza mno.

Baada ya mahindi kumwagwa na kuokotwa, mpwa wangu alichukua mmoja wa wale wanasesere wadogo wa plastiki, akamzungusha behewa lote akitafuta pa kumpitishia. Alimgonga kwenye ule mlango wa rangi, tok tok. Akanigeukia.

"Mjomba, watu wanaingilia wapi?"

Nikamwambia unang'oa paa. Akacheka sana. Kisha akaling'oa, na hapo ndipo lilipotokea la kutokea: paa lilikuwa limeshika kiasi cha kuliinua behewa hadi kifuani pake, halafu likaliachia. Vipande mia kadhaa vikatawanyika hadi chini ya kabati. Dada yangu alikuwa anachambua mchele, akasema bila kuinua kichwa, "Reli ya Uganda hiyo."

Nimejifunza mengi kwenye sakafu ile nikiokota. Paa la treni ya kuchezea lina hiari mbili tu: ama lishike kabisa ili behewa liweze kuinuliwa nalo, ama liwe jepesi kiasi kwamba linatoka peke yake kwa vidole viwili. Katikati ya hayo ni ajali. Paa langu sasa limelala juu ya vipande laini, visivyo na vifundo, isipokuwa vifundo vinne tu kwenye pembe. Mbavu nazo nilizijenga upya kama fundi wa nyumba anavyojenga, matofali yapishane. Ni aibu kwamba mtu anayechora ramani na kila siku anawakumbusha mafundi wakatishe viungo, yeye mwenyewe alipanga vitofali nguzo kwa nguzo ili mstari wa rangi utoke vizuri. Katika nyumba ningefukuzwa kazi.

Kompyuta nayo ina lawama yake. Programu ninayotumia, Studio, ni ya bure, na nyuma yake kuna historia ndefu ya watu waliojitolea, kuanzia programu ya LDraw ya James Jessiman mwaka 1995. Ndani yake una kila kipande katika kila rangi bila kulipa shilingi. Hakuna uzito, hakuna mkono wa mtoto, na zaidi ya yote hakuna bei ya Kampala. Nilibuni behewa la wekundu wa kukolea, rangi ile ya injini kubwa za zamani, kisha nikagundua kwamba madirisha ya rangi hiyo yangenigharimu kuliko kodi ya chumba, na bado yasafiri kwa ndege. Agizo moja nililofanya lilichukua wiki kumi na moja na lilifika likiwa pungufu. Tangu hapo nabuni kinyume: kwanza namwaga nilicho nacho juu ya meza, ndipo nafungua kompyuta.

Rangi yenyewe pia ilizua vita. Babu anasema mabehewa ya daraja la tatu aliyofanyia kazi yalikuwa ya rangi ya damu ya mzee. Rafiki yake, fundi wa karakana aliyestaafu, anasema ilikuwa kahawia, na aliyesema vingine alikuwa analala kazini. Wamegombana juu ya jambo hilo kwa wiki nzima, na nadhani walifurahia. Nilitumia vitofali vyekundu vya kawaida kwa sababu ndivyo Owino ilivyonipa.

Lakini swali la mtoto lilibaki pale pale, na halikuwa la rangi. Nilitaka mtoto akilitazama behewa ajue, kabla hujamwambia, kwamba hiki ni cha watu.

Nikaona njia fupi ni kumpandisha. Tangu Desemba 2015 Kampala imekuwa tena na treni ya abiria, ya asubuhi na jioni, kati ya stesheni kuu na Namanve. Imesimama na kurudi zaidi ya mara moja, lakini siku tulizoenda ilikuwepo. Inavutwa na kichwa cha dizeli, mabehewa ni ya zamani, na inapitia Nakawa na Kireka, karibu na kwangu. Nilikuwa nimeipanda mara nyingi bila kuitazama. Safari hii nilibeba daftari na mpwa.

Niliandika vipimo vya madirisha. Yeye hakutazama madirisha. Kwanza alitazama mlango, jinsi ngazi ilivyokuwa juu hata akalazimika kubebwa. Kisha mikono. Pale ndani watu wa ofisini walikuwa wamesimama wameshika vyuma, mstari mrefu wa mikono juu ya kichwa chake, saa, bangili, hina, na treni ilipoyumba mikono yote iliyumba pamoja. Alicheka kila mara. Karibu na Kireka mama mmoja alimpa nafasi ya kukaa na akakataa. Alitaka kushika chuma, na chuma kilikuwa mbali, basi akashika mkanda wa suruali yangu hadi mwisho wa safari.

Daftari langu la siku ile lina vipimo kumi na nane ambavyo sijawahi kuvitumia, na neno moja pembeni: *mikono*.

Kumbe wale wanasesere wadogo wana mkono wa umbo la kulabu, na kulabu hiyo inashika fito ya milimita 3.2 kwa kukaza kabisa. Nimekuwa nao tangu mwanzo na sikuwahi kufikiri kwamba wameumbwa kwa ajili ya kusimama kwenye treni. Nikapitisha fito mbili chini ya dari, kutoka mwanzo wa behewa hadi mwisho. Wanasesere wakaning'inia. Ukilisukuma behewa, wote wanayumba. Paa likiwa juu huwaoni vizuri, unaona mikono tu kwenye madirisha. Hilo lilinifurahisha kuliko kijitaa cha darini, ambacho hakipo tena.

Baada ya hapo nikajua pa kukata. Dirisha linalojirudia, kata. Benchi la nne na la tano, kata: ndani ya vifundo 8, ukitoa ukuta huku na huku unabaki na sita, na mwanasesere ana upana wa vifundo viwili, kwa hiyo ni kiti, njia, kiti, basi. Mistari ya misumari, mabomba ya breki chini ya tumbo, herufi ndogo za uzito ubavuni, vyote kata. Ila mlango usiguse. Kwa kweli mlango niliuongeza. Kwa kipimo changu ulipaswa kuwa na upana wa milimita 18 hivi. Nimeufanya vifundo vinne, yaani 32, ili kidole cha mtoto kiingie pamoja na mwanasesere. Unafunguka kwa bawaba, na chini yake kuna ngazi mbili. Mtu wa vielelezo vya kuweka kabatini akiuona atasema huu ni mlango wa gereji. Aseme.

Madirisha niliyang'oa vioo. Hili lilitoka kwa Babu. Nilimwuliza siku moja anakumbuka nini zaidi kuhusu abiria, nikitegemea hadithi ya tiketi, naye akasema: mikono tena! Mikono ikitoka dirishani pale Busembatia na Iganga, ikipokea ndizi za gonja, miwa, mayai ya kuchemsha, kuku aliyefungwa miguu, na mikono mingine chini ikipokea sarafu. Gadi anatazama saa, na anajua akipeperusha bendera ya kijani sasa hivi kuna mtu atabaki na kuku bila kulipwa. "Nilikuwa nasubiri dakika moja," alisema. "Lakini usiandike." Basi nimeandika, Babu, unisamehe.

Dirisha bila kioo ni tundu la kupitishia kuku. Nina kuku mmoja wa plastiki, naye amepita kwenye dirisha lile mara nyingi kuliko idadi ya abiria wote.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Viungio ni vya sumaku, na sumaku zenyewe zimefungiwa ndani ya plastiki. Usidanganyike ukanunua vijisumaku tupu sokoni ukavigundisha, kwa sababu mtoto akimeza viwili vinavutana tumboni na kumtoboa utumbo. Vumbi letu jekundu ni adui wa ekseli kuliko kitu chochote: kila mwezi natoa magurudumu na kuyafuta kwa kitambaa kikavu, na kila mwezi nakuta nywele za dada yangu zimejisokota humo. Betri ni gharama isiyoisha. Mkono wa mtoto ndio injini ya kuaminika, na ndiyo sababu sikuhangaika sana na mota.

Kuhusu Garratt, Babu bado hajanisamehe. Anataka injini, na si injini yoyote: anataka yale majitu yaliyojengwa na Beyer Peacock kule Manchester, yenye birika katikati na seti mbili za magurudumu, moja mbele na moja nyuma, kama mende wawili waliobeba pipa. Kubwa kuliko yote, daraja la 59, zilikuwa 34, tani 252 kila moja, na zilibeba majina ya milima ya Afrika Mashariki. Ile iitwayo Mlima Gelai bado inaonekana kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Ukilitazama kwa jicho la mbunifu, Garratt limeumbwa kwa kona za kuchezea, kwa kuwa linapinda sehemu mbili. Shida ni yale magurudumu manne makubwa kila upande, mara mbili: kwenye kona kali kama yetu, yale ya katikati lazima yawe bila ukingo, la sivyo yanapanda reli. Ni magurudumu ya bei. Nimemwambia asubiri. Ana miaka themanini na saba, na ananitazama kwa namna fulani kila ninaposema asubiri.

Kuna kazi nyingine inakuja mbele yake. Oktoba 2024 Uganda ilisaini mkataba wa kujenga reli ya kisasa ya umeme kutoka Malaba hadi Kampala na Yapı Merkezi ya Uturuki, hao hao waliojenga vipande vya SGR ya Tanzania. Reli hiyo ni ya milimita 1435. Nilipopiga hesabu nilikaa kimya kidogo: gawanya kwa 37 na nusu, unapata 38, na behewa la upana wa mita tatu na ushee linakuwa vifundo 10, jambo linalobebeka. Yaani reli ya kuchezea, iliyonitesa muda wote huu kwa mita moja yetu, ilikuwa inaisubiri SGR. Mpwa wangu ameshaona picha za ile treni ya Tanzania ambayo watu huiita mchongoko, na ameniuliza pua ile nitaitengenezaje. Kwa vipande vya mteremko, nilimjibu, vilivyogeuzwa ubavu, vitano kwa viwili. Hakuvutiwa. Aliuliza mlango utafunguka au utateleza.

Utateleza. Nimeshajaribu, na unakwama.

Desemba tulikutana wote Tororo. Nilibeba mabehewa mawili mapya na kichwa cha dizeli cha kubuni tu, sikukiiga popote. Babu akaletewa kiti uani. Mpwa wangu akapanga abiria, akawaning'iniza wengine kwenye fito, akampitisha kuku. Treni ikazunguka mara tatu kwa mkono. Mzee alitazama kwa makini, kidevu juu ya fimbo, na mimi nikangoja atasema nini kuhusu rangi.

"Nzuri," akasema. "Na mimi nakaa wapi?"

Nilikuwa nimebuni kwa mwaka mzima na sikukumbuka behewa la gadi. Alichukua fimbo yake akanichorea mavumbini: dirisha la kuchungulia kila upande, lichomoze kidogo nje ili aone treni yote kwenye kona. Kiti kimoja, cha kukunja. Gurudumu la breki ya mkono, lizunguke kweli. Msumari wa kutundika taa. Nafasi kubwa katikati, tupu, kwa vifurushi na magunia.

Mpwa wangu alipolisikia neno magunia alikimbilia jikoni. Mahindi yakarudi kwenye kikombe kile kile.

Usukani mdogo mweusi wa gari ninao, niliuokota Owino, utafaa kwa breki. Vifundo 24 kwa urefu vinatosha. Babu amekubali mahindi yapande humo, ila kwanza yapimwe na yakatiwe risiti.